Mgeni Mpe Jembe: Bidhaa za Kihindi na Majina Yake katika Kiswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayenunua kitabu katika duka la vitabu la Juja au Thika aghalabu hausomi ule ukurasa wa mwanzoni wenye maandishi madogo, unaotaja mchapishaji, haki za kunakili na mahali kitabu kilikopigwa chapa. Lau angeusoma, mara nyingi angegundua kwamba kitabu hicho kiliandikwa na Mkenya, kikahaririwa Nairobi, kikatumiwa katika shule za Kenya, lakini kikapigwa chapa India. Wachapishaji wengi wa Kenya wamekuwa wakipeleka kazi zao huko kwa kuwa gharama ya uchapaji ni nafuu, hata baada ya kujumlisha nauli ya meli. Hivyo basi, kitabu cha Kiswahili chenyewe chaweza kuwa bidhaa iliyotengenezwa India. Isitoshe, neno chapa tunalolitumia kueleza kazi hiyo limetoka katika Kihindi. Kutokana nalo tumepata chapisha, mchapishaji, uchapishaji na chapisho, maneno ambayo jarida kama hili haliwezi kufanya kazi bila hayo.

Makala haya yanadhamiria kueleza uhusiano uliopo baina ya bidhaa za Kihindi na lugha ya Kiswahili, tangu vitambaa na ushanga wa kale hadi pikipiki na dawa za leo. Hoja yetu kuu ni kwamba bidhaa ngeni huwa mali ya jamii pale lugha ya jamii hiyo inapoipa jina, ngeli na maelezo ya matumizi. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bidhaa za Kihindi za zamani zilipewa jembe hilo, zikalima pamoja nasi. Nyingi za leo zimekaa kwetu kwa miaka bila kukabidhiwa chochote, na tutaonyesha kwamba hali hiyo ina madhara kwa mtumiaji.

Bidhaa ya Kihindi ni ipi?

Kabla ya kuendelea, ni muhimu tubainishe maana ya istilahi yenyewe, kwani jina la kitu si ushahidi wa kutosha wa asili yake. Mfano ulio wazi zaidi ni mahindi. Zao hili lilitoka bara la Amerika, likaletwa katika pwani yetu baada ya Wareno kufika. Hata hivyo, Waswahili waliliita kwa jina la Uhindi, nchi iliyohusishwa na vitu vilivyotoka ng'ambo ya bahari. Kinyume chake ni kitambaa kilichoitwa marekani. Hapo mwanzo kilikuwa kitambaa cha pamba kilicholetwa Zanzibar kutoka Marekani katika karne ya 19. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 viliivuruga biashara hiyo, na baadaye viwanda vya Bombay vikaanza kufuma kitambaa cha namna hiyo na kukiuza Afrika Mashariki. Mnunuzi aliendelea kukiita marekani ijapokuwa kilifumwa India.

Kwa kuzingatia hayo, tunaweza kuzigawa bidhaa zinazoitwa za Kihindi katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni bidhaa zilizotengenezwa India na kuletwa kwetu, kama vile sari, dawa na pikipiki. Kundi la pili ni bidhaa zinazotengenezwa hapa nchini katika viwanda vilivyoanzishwa na Wakenya wenye asili ya Kihindi. Kundi la tatu ni vitu ambavyo ujuzi wake ulitoka India, lakini sasa hutengenezwa na kila mtu. Chapati ni mfano wa kundi hili. Mama anayesukuma chapati katika kibanda karibu na lango la chuo hahisi kwamba anapika chakula cha kigeni, na kwa hakika hapiki chakula cha kigeni.

Eneo letu la Juja, Thika na Ruiru linafaa mno kwa uchunguzi wa kundi la pili. Reli ilifika Thika mwaka wa 1913, na baadaye mji huo ukawa kitovu cha viwanda kiasi cha kulinganishwa na Birmingham ya Uingereza. Kiwanda cha nguo cha Thika Cloth Mills kilianzishwa mwaka wa 1958. Kampuni ya Bidco, iliyoanzishwa na Bhimji Depar Shah na familia yake, ilianzia katika ushonaji wa nguo mjini Nyeri mwaka wa 1970 kabla ya kuingia katika utengenezaji wa sabuni, na hatimaye mafuta ya kupikia mjini Thika. Ruiru nako kuna viwanda vya nyuzi, mablanketi na vyuma. Narendra Raval, mzaliwa wa Gujarat na mwanzilishi wa kundi la kampuni za Devki, ni miongoni mwa wenye viwanda wanaojulikana sana, na mabati ya kundi hilo huuzwa kwa jina la Kiswahili, Maisha.

Je, mafuta yaliyokamuliwa Thika na mabati yaliyotengenezwa Ruiru ni bidhaa za Kihindi? Wapo wanaoyaita hivyo kwa kumtazama mwenye kiwanda. Hata hivyo, mfanyakazi aliyesimama mbele ya mtambo ni Mkenya, na mwenye kiwanda ni Mkenya pia. Mnamo Julai 2017, serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hii. Kwa hiyo, katika sehemu zinazofuata tutatumia istilahi bidhaa za Kihindi kwa kurejelea zaidi kundi la kwanza, huku tukikumbuka kwamba mipaka ya makundi haya huvukwa kila siku.

Bidhaa za kale: Kitambaa kilichojifunza kusema

Biashara baina ya India na pwani ya Afrika Mashariki ni kongwe. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, kinataja ngano, mchele, samli, mafuta ya ufuta, vitambaa vya pamba na sukari vilivyosafirishwa kutoka magharibi mwa India hadi bandari za Pembe ya Afrika. Vyombo vilitegemea pepo za musimu. Kaskazi ilivileta kwetu, kusi ikavirudisha, na wafanyabiashara walilazimika kukaa bandarini miezi kadhaa wakingoja upepo ugeuke. Muda huo wa kungoja ulikuwa pia muda wa kuzungumza, kupatana bei na kuazimana maneno.

Vitambaa ndivyo vilivyotia fora. Kaniki, nguo ya pamba iliyotiwa rangi nyeusi au ya nili, ililetwa kwa wingi kutoka Kutch, na kwa muda mrefu ilikuwa vazi la kazi la wanawake wa pwani na bara. Ushanga wa akiki kutoka Khambhat, mji wa Gujarat, nao ulivaliwa huku kwa karne nyingi. Pamoja na vitu hivyo kulikuja maneno kama bangili, linalotokana na neno la Kihindi bangri, na doti, ambalo kwetu ni kipimo cha jozi ya kanga. Doti ni neno lile lile dhoti linalotaja vazi la kiume la Kihindi. Neno limehama kutoka kwa vazi la mwanamume hadi kwa kipimo cha nguo ya mwanamke, nasi hatuoni ajabu.

Kanga yenyewe, ambayo wengi wetu wa Kenya huiita leso, ndiyo mfano bora zaidi wa bidhaa iliyopewa jembe. Ilianza kujitokeza katika miji ya pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mjini Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka wa 1887 na linalojulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, lilikuwa miongoni mwa yaliyoeneza kanga zenye maandishi ya Kiswahili. Wateja walipendekeza misemo, wenye maduka wakaituma India, na kanga zikarudi zimepigwa chapa. Kwa maneno mengine, wachapaji wa India walitoa nakala nyingi za methali na mafumbo ya Kiswahili pasi na kuelewa walichokichapa. Kitambaa kilikuwa cha India, lakini sauti ilikuwa ya mwanamke wa Kiswahili, ambaye aliweza kumjibu jirani yake bila kufungua kinywa. Hivi leo kanga hutengenezwa India, Tanzania na hata Kenya, na hakuna anayeuliza kama ni vazi letu au la.

Reli, duka na rupia

Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulioanza 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka wa 1901 uliwaleta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India. Wengi wao walirudi kwao baada ya mikataba kuisha, ila takriban 6,700 walibaki. Pamoja na wafanyabiashara waliokuja kwa njia zao wenyewe, maduka yalifuata reli hadi bara. Fedha iliyotumika katika himaya ya Waingereza hapa ilikuwa rupia ya India hadi mwaka wa 1920. Hata baada ya rupia kuondoka, jina pesa, linalotokana na paisa, lilibaki, nasi tunalitumia hata kwa fedha za simu.

Tukiangalia msamiati wa biashara, tutaona jinsi athari hii ilivyo pana. Bima, hundi, laki, cheti, gari, gunia na karakana ni maneno ambayo wataalamu huyahusisha na Kihindi, Kigujarati au lugha jirani zao. Duka lina asili katika Kiarabu, lakini limo vilevile katika Kihindi na Kigujarati, na bila shaka mwenye duka wa Kihindi alisaidia kulisambaza hadi vijiji vya bara. Jikoni tuna chapati, bajia na achari.

La kuzingatia zaidi kuliko orodha hiyo ni namna maneno hayo yalivyotendewa. Gari liliingizwa katika ngeli ya LI-YA likapata wingi wa magari, likazaa kigari na gari moshi. Gunia likawa magunia, na likageuka kuwa kipimo ambacho mkulima hukitumia kuuzia mahindi na viazi. Duka likazaa kiduka na muuza duka. Neno lililopatana na upatanisho wa kisarufi, likakubali udogo na ukubwa, likaingia katika methali na misemo, limekuwa mwenyeji kamili.

Maneno mengine yalibeba uhusiano wa kijamii pamoja na bidhaa. Bepari, kutoka Kigujarati vepari, lilimaanisha mfanyabiashara tu. Katika siasa za karne ya 20, hususan Tanzania ya Ujamaa, lilipata maana ya mnyonyaji mwenye mtaji, na kutokana nalo tukapata ubepari. Bazazi, neno la Kiarabu lenye maana ya muuza nguo, katika Kiswahili lilikuja kumaanisha pia mchuuzi mjanja. Hapa tunaona kwamba lugha ilipokea kitambaa kwa furaha, ilhali ilimtazama muuzaji wake kwa jicho la shaka. Mwanaisimujamii hana budi kuyarekodi yote mawili bila kuficha lolote.

Kutoka bazazi hadi bajaji

Tugeukie bidhaa za kisasa. Nchini Tanzania, gari dogo la magurudumu matatu huitwa bajaji, jina lililotokana na kampuni ya Bajaj ya India. Jina la kampuni limekuwa nomino ya kawaida, kiasi kwamba hata gari kama hilo lililoundwa na kampuni nyingine huitwa bajaji. Jambo linalofurahisha ni kwamba Bajaj ni jina la ukoo linalomaanisha muuza nguo, na asili yake ni lile lile neno la Kiarabu lililotupa bazazi. Maneno mawili ya ukoo mmoja yamefika katika Kiswahili kwa njia mbili na katika nyakati mbili, moja likipitia Uarabuni, jingine likipitia India na kuwasili likiwa na injini.

Huku kwetu Kenya, chombo hicho huitwa tuktuk, jina lililovuma kutoka Thailand, ilhali nyingi ya tuktuk zetu hutengenezwa India. Kwa upande wa pikipiki, mtu akisimama katika kituo cha bodaboda cha Juja ataona kwamba nyingi ni za kampuni za India kama Bajaj na TVS. Jina pikipiki ni letu, limeiga mlio wa chombo chenyewe. Bodaboda nalo lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda. Lakini tukimsikiliza fundi akiifungua pikipiki hiyo, tutasikia cheni, breki, klachi, plagi na kabureta. Bidhaa ni ya Kihindi, majina ya viungo vyake ni ya Kiingereza.

Kwa nini India ya zamani ilituletea vitu pamoja na maneno yake, na India ya leo inatuletea vitu pamoja na maneno ya Kiingereza? Jibu limo katika njia ya biashara. Hapo kale muuzaji na mnunuzi walikutana ana kwa ana, kila mmoja akalazimika kujifunza maneno ya mwenzake. Leo bidhaa husafiri katika kasha pamoja na karatasi ya maelezo. Aliyeiandika na anayeipokea hawaonani, na lugha inayotumika katika karatasi hiyo ni Kiingereza, ambacho India na Kenya zilikirithi kutoka kwa mtawala mmoja. Fundi anaweza kufidia pengo hilo, kwa kuwa hujifunza kwa kuona na kushika. Kuna bidhaa nyingine ambayo haitoi nafasi ya kujifunza kwa kukosea.

Dawa: Mahali ambapo neno ni uhai

India ni miongoni mwa nchi zinazouzia Kenya dawa nyingi zaidi. Umuhimu wake ulionekana wazi wakati wa janga la UKIMWI. Mwishoni mwa miaka ya 1990, matibabu ya mgonjwa mmoja kwa dawa za kampuni kubwa za Magharibi yaligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Februari 2001, kampuni ya Cipla ya India, iliyoongozwa na Yusuf Hamied, ilitangaza kwamba ingeliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Mwaka huo huo Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua njia ya kuingiza dawa za bei nafuu kutoka nje.

Lugha haikubaki nyuma. Katika redio, zahanati na vikundi vya wagonjwa, Kenya ilipata istilahi dawa za kupunguza makali, na Tanzania ikapata dawa za kurefusha maisha. Istilahi hizi ni za busara. Hazidai kwamba dawa huponya, bali zinaeleza kile hasa dawa inachofanya, nazo zilimsaidia mgonjwa kuelewa kwa nini hapaswi kuacha kuzimeza anapojisikia nafuu. Huu ni ushahidi kwamba bidhaa ya kisasa ya Kihindi inaweza kupewa jembe la Kiswahili iwapo wanaohusika wataona haja.

Hata hivyo, dawa nyingi za kawaida zinazouzwa Juja, Thika na Ruiru zina maelezo ya Kiingereza tu. Yaweza kudhaniwa kwamba suluhisho ni tafsiri ya haraka, lakini mifano miwili itatosha kuonyesha hatari yake. Tuseme karatasi inaagiza kidonge kimezwe saa nane kwa hesabu ya Kizungu, wakati wa asubuhi. Kwa hesabu ya Kiswahili hiyo ni saa mbili asubuhi. Mfasiri asiye makini akiandika saa nane, mgonjwa atameza dawa yake baada ya chakula cha mchana. Vivyo hivyo, agizo la kumeza dawa kila baada ya muda wa saa nane likifupishwa kuwa kila saa nane, msomaji anaweza kuelewa kwamba anatakiwa kumeza mara moja tu kwa siku, saa nane ikifika. Maelezo salama ni yale yanayotaja nyakati zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku.

Mfano wa pili unahusu kijiko. Kijiko cha chai kinachotumika katika vipimo vya dawa hubeba mililita 5, na kijiko kikubwa mililita 15. Karatasi ikifasiriwa kwa maneno kijiko kimoja pasi na kubainisha, mzazi aliye na kijiko kikubwa mkononi atampa mtoto dawa mara tatu ya kipimo alichoandikiwa. Hapa kivumishi kilichoachwa si kosa la insha la kukatwa alama mbili. Ni sumu inayoweza kumfikia mtoto.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Tukivisoma vifungu hivi viwili kwa pamoja, ni vigumu kueleza kwa nini mnunuzi anayesoma Kiswahili pekee auziwe dawa yenye maelezo asiyoweza kuyasoma.

Hitimisho

Tumeona kwamba bidhaa za Kihindi zimekuwa nasi kwa takriban miaka elfu mbili, na kwamba Kiswahili hakikuzipokea kwa mikono mitupu. Kiliziweka katika ngeli, kikazipa wingi, kikaziandika methali. Kazi hiyo haikufanywa na baraza lolote la lugha. Ilifanywa na wachuuzi, mabaharia, mafundi na wanawake waliochagua misemo ya kanga zao.

Leo sisi tunaosoma Kiswahili vyuoni tuna wajibu wa kushiriki. Kazi ipo karibu na lango la chuo. Mwanafunzi wa isimu anaweza kukusanya msamiati wa mafundi wa pikipiki wa Juja na Ruiru, akachunguza ni maneno gani wamekwisha kuyabuni kabla ya kukimbilia kupendekeza mengine. Mwanafunzi wa tafsiri anaweza kushirikiana na wenzake wa famasia kuandaa maelezo ya dawa kwa Kiswahili, kisha akayasoma pamoja na wanunuzi halisi na kuwauliza wameelewa nini, kwani tafsiri ya dawa haitoshi kusahihishwa na mhadhiri peke yake. Mwanafunzi wa fasihi ana mali ghafi tele katika majina ya kanga.

Methali nyingine husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni kutoka India amekuja, na ameleta dawa. Ili mwenyeji apone kweli, ni sharti aweze kusoma kilichoandikwa kwenye chupa.